Msimsemee Nazuna

Mwalimu Chizuru alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wenzake wote waliujua: neno "haidhuru" lilimpandisha mori. Na bahati mbaya yake, pale chekechea ya Tochiba neno hilo lilisemwa kuliko hata salamu. Watoto wakigombana, mwalimu anawasimamisha uso kwa uso, mkosaji anasema "Naomba radhi," aliyekosewa anajibu "Haidhuru," tena kwa kuivuta mwishoni kama wimbo, haidhuruuu, mambo yanaishia hapo, kila mtu anarudi kwenye vipande vyake vya mbao. Aliyeng'atwa sikio, haidhuru. Aliyepigwa koleo la mchanga utosini, haidhuru, na machozi hata kidevuni hayajafika.

Watu wa mji ule wa milimani walilelewa hivyo tangu bibi zao, na waliona ndiyo adabu. Chizuru aliona ni kumfundisha mtoto uongo kabla hajajua kufunga vifungo vya koti. Alikuwa amelisema hilo kwenye vikao mpaka wenzake, wakimwona tu anakohoa ili aanze, wanaanza kukusanya vikombe vya chai. Mwanamke wa miaka hamsini na ushee, hana mume wa kumtuliza, hana bosi aliyewahi kumweza. Walimpenda hivyohivyo, kwa mbali kidogo.

Katika darasa lake alikuwamo Nazuna, msichana wa miaka minne. Nyumbani, kwa maneno ya mama yake, Nazuna alikuwa kasuku: anasimulia, anabisha, anamkaripia paka. Lakini akishavua viatu mlangoni pa chekechea na kuvaa vile vya ndani, basi, ulimi anauacha humo humo shubakani pamoja na viatu. Tangu aandikishwe mwezi wa nne, hakuna mwalimu wala mtoto aliyewahi kuisikia sauti yake. Haugui, hasikii vibaya, hana kasoro ya kinywa. Hasemi tu.

Na nani angemlaumu? Pale Tochiba palikuwa na sifa moja ambayo wenyeji waliionea fahari: kujua mtu anataka nini kabla hajataka. Mama yake Nazuna, Shinobu, alifanya kazi kwenye nyumba ya wageni yenye maji moto, na huko mhudumu hodari ni yule anayefika na chai kabla mgeni hajainua kichwa. Shinobu alikuwa hodari kuliko wote. Binti yake hakuwahi kuomba maji maishani mwake, kwa sababu maji yalimtangulia. Watoto wa chekechea nao, damu ile ile, walimfanyia vivyo hivyo. Nazuna akitazama birika, kikombe kimefika. Akisogea mlangoni, mtu ameshamshika mkono kumpeleka msalani.

Na akikosewa, hapo ndipo Chizuru alipotaka kupasuka. Mkosaji akishaomba radhi, darasa zima linajibu kwa niaba yake, kwa upendo kabisa: "Nazuna anasema haidhuru!" Mtoto yule alikuwa amesamehe wanyang'anyi wa kila aina bila kufungua mdomo.

Mwezi wa tisa Chizuru alichoka. Aliwakusanya watoto sakafuni akawaambia kwamba kuanzia leo hakuna mtu wa kumsemea Nazuna, si yeye mwalimu, si wao. Nazuna akitaka kitu, watamngoja. Mtoto mmoja akauliza, je, asiposema? Chizuru akajibu kwamba basi watangoja zaidi.

Ilikuwa rahisi kusema. Nazuna alikaa bila maziwa siku ile, akiukazia mtungi macho. Wiki iliyofuata alisimama mlangoni akijibana miguu, Chizuru akamwona, akasita ili kumpa nafasi, na mtoto akajikojolea palepale mbele ya wenzake. Chizuru alimwosha, akambadilisha nguo, akamwomba radhi kwa sauti ya chini. Kisha aliingia stoo, akakaa juu ya magodoro ya kulalia, akalia kama mtu aliyefiwa. Alijiuliza kama hakuwa anamtesa mtoto wa watu ili tu ashinde ubishi wake wa miaka yote. Kuanzia siku hiyo alimpeleka msalani mwenyewe kila baada ya muda, lakini katazo la kumsemea hakuliondoa.

Habari zikamfikia Mwalimu Mkuu, Bwana Hatano, aliyekuwa ameletwa mwaka ule kutoka ofisi za mjini. Hatano hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti laini, viatu safi, na hofu kubwa ya malalamiko. Alimwita Chizuru, akampa chai, akamwambia kwamba kumnyima mtoto maziwa si ualimu, ni ukatili. Chizuru akasema maziwa hakunyimwa, yalikuwa mezani. Hatano akatabasamu. Akasema huko bondeni, mwendo wa saa nzima kwa basi, kuna kituo cha watoto wasiosema, na huko kila mtoto ana mtu wake wa kumsaidia. Nazuna angefaa kuhamia huko.

"Kumsaidia au kumsemea?" Chizuru akauliza.

Hatano akaweka kikombe chini polepole. Akasema siku ya wazazi kuja kutazama watoto wao, mwezi wa kumi na moja, naye atakuwapo. Nazuna akijibu jambo lolote kwa kinywa chake mwenyewe, hata neno moja, atabaki. Asipojibu, mwaka mpya wa masomo ukianza ataenda kituoni. Na yeye Hatano alikwisha kuzungumza na mama.

Shinobu kweli alikwisha kusemeshwa. Kwenye kazi yake neno "hapana" halikuwahi kufundishwa, kwa hiyo alikuwa ameinama na kushukuru. Jioni alipokuja kumchukua mtoto, Chizuru alimfuata mpaka langoni. Shinobu akamwambia kwamba akimpeleka Nazuna bondeni kila asubuhi hataweza kazi ya nyumba ya wageni, itabidi waache nyumba na wahamie kwa shemeji yake huko chini. Akasema hayo akitabasamu, maana alizoea kutabasamu akiwa amebeba trei nzito. Chizuru akamuuliza, wewe mwenyewe unataka nini, Mama Nazuna? Mama wa watu akabaki kumtazama. Kumbe hata yeye hakuwahi kuulizwa.

Msimu ule ulikuwa wa madonge. Kila vuli watoto wa Tochiba huingiwa na wazimu wa kufinyanga madonge ya udongo. Unachota tope, unalikamua maji, unalizungusha viganjani mpaka liwe duara, kisha unalinyunyizia vumbi laini, unasugua, unanyunyizia tena, unasugua tena. Mwenye pupa, donge lake linapasuka siku hiyohiyo. Mwenye subira analilaza, kesho analiamsha, analipangusa kwa soksi kuukuu, na baada ya siku nyingi linang'aa mpaka unaona dirisha ndani yake. Hakuna mtu mzima anayewafundisha. Wanarithishana wenyewe, wakubwa kwa wadogo, na siri zao wanazilinda kuliko pipi.

Donge la Nazuna lilikuwa jeusi, linang'aa, halina ufa. Alilitunza shubakani mwake ndani ya kofia ya sufu. Vumbi lake lilitoka chini ya baraza, mahali pakavu penye giza ambapo mtoto mmoja tu alithubutu kutambaa: Gaku, miaka mitano, mashavu tele, sauti kama mnadani. Zamani Gaku angemletea vumbi bila kuombwa. Lakini sasa ilikatazwa kubashiri. Basi Nazuna alifanya jambo ambalo Chizuru aliliona kwa jicho la pembeni na akakaza moyo asiruke: alikwenda mwenyewe kwa Gaku, akamvuta mkono wa nguo, akamnyooshea kifuniko cha chupa. Hakusema kitu. Lakini aliomba. Tangu hapo wawili wale walikuwa shirika moja, mmoja analeta, mwingine anasugua, na anayeongea alikuwa Gaku peke yake, kwa watu wawili.

Siku ya wazazi ikafika na baridi yake. Figili zilikuwa zimening'inizwa upenuni kukauka, na akina mama walisimama uwanjani wakiwa wamefungua kamera zao kabla watoto hawajafanya lolote. Shinobu alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta. Hatano alizunguka akiwainamia watu. Na Baba Gaku akaja, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwenye kiwanda cha mbao, mtu ambaye chekechea ilimwona mara chache kuliko theluji ya kiangazi.

Gaku alipomwona baba yake alichanganyikiwa kwa furaha. Akamshika mkono, akamwonyesha bembea, akamwonyesha sungura. Baba akaitikia, ehee, vizuri, huku macho yakiwa kwenye simu. Gaku akatazama huku na huku atafute kitu cha kumshinda simu. Kisha akakimbilia kwenye mashubaka ya viatu, akarudi na donge jeusi mikononi.

"Baba, hili nimelitengeneza mimi."

Simu ikarudi mfukoni. Baba Gaku akachuchumaa, akalishika lile donge, akaliona dirisha ndani yake na uso wake mwenyewe. Akasema kumbe ana fundi nyumbani na hajui. Akampapasa mwanawe kichwa. Gaku akawa mwekundu mpaka masikioni.

Sasa, pale uwanjani hapakuwa na mtoto asiyejua lile ni donge la nani. Walimu walijua. Akina mama nao walijua, maana watoto wao walikuwa wakilisimulia mezani mwezi mzima. Lakini nani atamwaibisha mwenyekiti mbele za watu? Wakatazama figili. Wakasifia hali ya hewa. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu akawa anapita taratibu kabisa katikati ya uwanja.

Nazuna akatoka kwenye kundi la wenzake. Alitembea mpaka mbele ya Gaku, akasimama, akanyoosha kiganja.

Gaku akalinyakua donge kutoka kwa baba yake, akalificha mgongoni. Nazuna akabaki na mkono wake hewani. Baba akauliza, huyu rafiki yako anataka nini? Gaku akarudi nyuma hatua, akarudi nyingine, kisigino kikagonga ngazi ya jiwe, akayumba. Donge likamtoka. Lilianguka kwenye jiwe likapasuka vipande, na ndani, baada ya ule weusi wote, lilikuwa udongo wa kawaida wa kahawia.

Kisha Hatano akafika mbiombio, tabasamu limemtangulia. Akawashika watoto mabega, akawasimamisha uso kwa uso.

"Haya, Gaku, tunasemaje?"

"Naomba radhi," Gaku akasema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

Na watoto wote, kwa mazoea ya miaka, kwa huruma, kwa kutaka jambo lipite, wakasahau katazo la mwalimu wao wakaitika pamoja: "Nazuna anasema haidhuruuu!" Akina mama wakacheka kwa kupoa moyo. Hatano akapiga makofi mara mbili, akasema safi sana, yamekwisha, sasa twendeni ndani tukaimbe.

"Hayajaisha," akasema Chizuru.

Hakupaza sauti. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa baraza, mikono yake ameitia ndani ya mifuko ya aproni na kuikunja ngumi, maana hakuiamini. Kila kiungo chake kilitaka kukimbia, kumkumbatia yule mtoto, kumfuta, kumwambia yeye anajua, kila mtu anajua lilikuwa lake. Angefanya hivyo angekuwa mwema sana, na Nazuna angekwenda bondeni.

"Nazuna hajajibu," akasema. "Mliojibu ni nyinyi."

Hatano akamsogelea, bado anatabasamu kwa ajili ya wazazi, akamnong'oneza kwamba hapa si mahali pake, watu wanatazama. Chizuru akamwambia vizuri, ndiyo maana wamealikwa. Mwalimu Madoka, msichana mdogo aliyemsaidia darasani, akachuchumaa kando ya Nazuna akaanza kwa sauti tamu kwamba Nazuna ni mtoto mzuri, Nazuna hajali, au siyo Nazuna? Chizuru akamwita jina mara moja tu. Madoka akanyamaza, akainuka.

Baba Gaku naye alikuwa amesimama, uso umemwiva. Hakujua ashike wapi.

"Mwalimu," akasema, "si ni udongo tu?"

"Kama ni udongo tu, Baba Gaku, basi kungoja hakutatugharimu kitu."

Ikawa kimya. Watu wa Tochiba hawawezi kimya cha namna ile; ni kama kumwona mgeni amekaa bila chai. Mama mmoja akakohoa. Mwingine akamvuta mwanawe amfunge shali ambayo tayari ilikuwa imefungwa. Nazuna alikuwa anatazama vipande vyake kwenye jiwe. Mdomo ulimtetemeka, akaufumba, ukatetemeka tena. Chizuru akawaza kwamba amekosea, kwamba amemweka mtoto uchi mbele ya mji mzima, na kwamba safari hii hakutakuwa na stoo ya kutosha kulilia. Hata hivyo hakusogea.

Kule nyuma, Shinobu akafungua kinywa. Miaka minne alikuwa amemjibia binti yake, na jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno: haidhuru, jamani, haidhuru, samahanini kwa usumbufu. Chizuru alimwona. Hakuweza kumzuia, alikuwa mbali. Shinobu akajiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe, akakiacha hapo, machozi yakamtiririka juu ya vidole.

Wahenga hawakukosea waliposema kimya kingi kina mshindo. Ila mshindo wa Nazuna ulikuwa mdogo, umekwaruza, kama mlango wa nyumba iliyofungwa siku nyingi.

"Inadhuru."

Watoto wakageukiana. Mmoja akauliza nani kasema.

"Inadhuru," Nazuna akarudia, sasa anamtazama Gaku machoni. "Lilikuwa langu. Umesema lako."

Gaku akaangua kilio. Si kile cha kudeka. Kile cha chini tumboni. Akamgeukia baba yake akamwambia kwamba si yeye, ni Nazuna, yeye alileta vumbi tu, chini ya baraza, kwenye buibui, na vumbi lilikuwa lake, vumbi lake kweli. Baba Gaku, mtu yule mzito, akapiga magoti kwenye baridi ile, suruali yake ya suti kwenye tope, akaanza kuokota vipande kimoja kimoja. Akamuuliza mwanawe, ni kweli unaingia mle kwenye buibui? Gaku akaitikia kwa kichwa. Baba akasema yeye utotoni aliogopa. Mkono wake ulikuwa mgongoni mwa mtoto.

"Lete vumbi," Nazuna akamwambia Gaku. "Jingi."

Gaku akapangusa kamasi kwa mkono wa nguo, akapiga tumbo chini, akatokomea chini ya baraza mbele ya kamera za akina mama.

Ungedhani shauri limekwisha. Lakini Hatano alikuwa mtu wa ofisi, na mtu wa ofisi hashindwi mara moja. Baada ya nyimbo, wazazi walipokuwa wanavaa viatu mlangoni, alimwendea Shinobu akamwambia kwa upole kwamba neno moja ni mwanzo mzuri, ndiyo, lakini mtoto ameonyesha hasira, na kituo cha bondeni kina wataalamu wa hasira pia. Angependa kujua kama Nazuna atafurahi kwenda kukitembelea. Bila shaka atafurahi.

Chizuru alikuwa hatua mbili nyuma, na ulimi ulikuwa umeshawaka moto. Akajing'ata. Alikuwa amekataza, basi na yeye alikatazwa.

Shinobu akainama, kama alivyofundishwa. Alipoinuka, tabasamu lilikuwa limebaki huko chini.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "muulize mwenyewe. Yule pale."

Nazuna alikuwa kwenye ngazi, anachanganya maji na udongo kwenye sufuria ya kuchezea. Hatano akaangalia kulia na kushoto. Wazazi hawakuwa wanafunga viatu tena. Akachuchumaa, magoti yakalia, akamuuliza kama angependa shule nzuri ya bondeni, kuna samaki kwenye tangi, kuna mabembea mapya.

"Sitaki," akasema Nazuna. "Nabaki."

"Ulisema neno moja linatosha, Mwalimu Mkuu," Baba Gaku akasema kutoka mlangoni, kiatu kimoja mkononi. Mkewe ndiye aliyekuwa amemsimulia habari za ile ahadi. "Mimi nimehesabu zaidi."

Hatano akawa hana pa kushika. Akasema ndiyo, ndiyo, kweli, basi abaki. Akataka kuinuka. Hapo Chizuru akajiruhusu. Alisema kwamba kanuni ya nyumba hii ni ya Mwalimu Mkuu mwenyewe, ameiandika kwa mkono wake ukutani: aliyemkosea mwenzake huomba radhi. Na kuna mtu hapa alitaka kumhamisha mwenzake bila kumuuliza.

Masikio ya Hatano yakawa mekundu kama ya Gaku. Lakini, na hili Chizuru alimhesabia mema mpaka alipostaafu, hakukimbia. Alibaki amechuchumaa. Akainamisha kichwa mbele ya mtoto wa miaka minne mwenye tope mpaka viwikoni.

"Nazuna," akasema, "naomba radhi."

Watoto waliokuwa mlangoni wakavuta pumzi kuitika, kisha wakafumba midomo, mmoja akamziba mwenzake. Mwalimu Madoka akatazama dari. Shinobu akashika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Chizuru akarudisha mikono mifukoni. Safari hii haikuwa imekunja ngumi.

Nazuna alimtazama Mwalimu Mkuu kwa muda mrefu, uso wake, tai yake, viatu vyake vilivyoanza kuloa. Kisha akarudi kwenye udongo wake.

"Bado," akasema.